Ukingo wa Msimbazi kwenye silingibodi: shajara ya mradi

8 Februari 2025: wazo, fremu na mgongo

Watu wameniuliza sana natumia gundi gani, vitu natoa wapi, afu kila nikijibu nasahau nusu, basi nimeona bora niandike. Kila hatua ikiisha naongeza hapa, na hela iliyotoka naiweka wazi pamoja na vilivyoharibika, maana anayetaka kuiga hivyo ndo vitamsaidia kuliko picha nzuri za mwisho.

Natengeneza ubao wa ukutani, futi nane kwa nne, unaoonyesha ukingo wa Mto Msimbazi hapa Dar, pale maji yalipoumega. Sio mto kwa juu na minazi na jua linazama, hapana, michoro hiyo ipo tele. Ukishuka upande wa Kigogo baada ya mvua utauona ukingo umekatika wima na taka zimejipanga kwa tabaka. Juu kabisa chupa za maji, pampasi na vile vifungashio vyeupe vyepesi. Ukishuka kidogo unakuta rambo za bluu, ile mifuko laini ya plastiki. Chini zaidi viroba vya pombe, vile vipakiti vidogo. Sasa viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwahiyo ukiuelewa ule ukingo unasoma mwaka bila kumuuliza mtu. Mafuriko huwa yanachanganya, sio kila mahali mpangilio ni safi hivyo, lakini pale nilipochagua panasomeka vizuri tu. Na rambo ukiichomoa kwenye tope ukaisuuza bado bluu ileile uliyobebea nyanya miaka hiyo.

Sharti nililojiwekea: kitu kipya kinunuliwe pale tu ambapo cha kuokota kimeshindikana kabisa, na mradi wenyewe usirudishe uchafu mtoni. Hilo la pili naona ndo litanisumbua.

Mbao hazikuwa shida. Nyumba nyingi za bonde la Jangwani zilishabomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, na wauza mbao za kubomolea wana kenchi na papi kavu kabisa, zimekaa juu ya dari miaka na miaka, haziwezi kupinda tena. Fremu yote 25,000. Mgongo nimetumia silingibodi ya zamani, yaani ubao wa dari, shiti nzima ya futi nane kwa nne, 10,000. Hapo najivunia kidogo kwasababu Edward Saidi Tingatinga alivyoanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 alichorea kwenye vipande vya mbao za dari za aina hii na rangi ya baiskeli, sio kwa ajili ya mazingira wala nini, ndo vilivyokuwa bei ya chini. Guta la kubeba 15,000, skrubu 12,000, misumari nimenyoosha ya zamani.

Tahadhari kwa wanaoiga: silingibodi ninayosema ni ile ya kahawia ya nyuzi za mbao. Kuna zile za kijivu, nzito, za saruji, kwenye majengo ya zamani sana. Hizo zinaweza kuwa na asbesto, usizikate, usizitoboe, waachie wenyewe hata ukipewa bure.

Tatizo la kwanza limekuja haraka. Silingibodi ikikaa usiku mmoja kwenye unyevu inavimba na kulegea katikati, nimeiamkia asubuhi ina tumbo. Dawa yake ni papi za kukatiza nyuma kila baada ya futi moja, halafu unapaka gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji pande zote mbili pamoja na kingo. Kingo ndo zinanywa maji zaidi kuliko uso.

22 Februari: kuokota na kuosha

Mto ule sio wa kuingia na ndala. Gambuti na glavu nzito 22,000, na hapo sijabana hela kwasababu kuna chupa zilizovunjika, sindano, na maji yenyewe yanajulikana.

Sikuokota peke yangu. Kuna mama anaokota chupa maeneo yale muda mrefu, anajua kila kona, nikamfuata nikamwambia mama shikamoo, nahitaji vitu kadhaa ila sitaki kuingilia riziki yako, nipe zile ambazo mzani wa skrepa haununui. Akanitazama. "Marahaba mwanangu. Yaani unataka taka kabisa?" Ndo nikaelewa kwamba kwake yeye chupa ya maji sio taka, wala bati, wala kopo la alumini, hivyo ni mzigo. Taka ni viroba, rambo, ndala, yeboyebo za plastiki, vitu ambavyo bosi wa mzani anavirusha pembeni. Tukakubaliana 30,000 kwa magunia atakayojaza yeye na kijana wake. Wengine wameniambia nimelipa takataka, mimi naona nimelipia jicho lake, manake mtu anayejua rambo ipo kina gani haokotwi barabarani.

Kuosha ndo kazi yenyewe, mtu asikudanganye. Jiki na sabuni 9,000. Nililoweka vyote pamoja kwenye pipa moja, plastiki, vizibo, vipande vya bati, na asubuhi maji yamekuwa ya chungwa. Jiki inakula chuma, na alumini nayo inafifia inakuwa na madoa. Vizibo vingi vya soda vikaishia hapo. Sasa hivi chuma naosha na sabuni tupu na brashi, nasuuza, naanika juani papo hapo. Jiki ni ya plastiki na nguo peke yake.

Maji machafu ya kuoshea nayachuja kwa kipande cha kitenge kilichochakaa kabla ya kuyamwaga shimoni. Ukifungua kile kitambaa baada ya ndoo kadhaa utashangaa, kimejaa chembe za bluu na nyeupe ndogo kuliko mchele, zote hizo zingeenda mtaroni na kutoka mtaroni zinajua njia ya Daraja la Salenda na baharini.

Kitu kingine cha bure: pipa la maji linakuchagulia plastiki. Mifuko, vifuniko vya chupa, ndala za sponji, vyote vinaelea. Chupa yenyewe ya maji inazama ukiikata vipande, na yeboyebo nyingi zinazama. Tenga mafungu hayo mapema, utanishukuru huko mbele.

9 Machi: vizibo na kutu

Tabaka la juu nilitaka liwe zito la kung'aa, na kila anayefanya sanaa ya vizibo anamfahamu El Anatsui, yule Mghana aliyefanyia kazi zake miaka mingi kule Nsukka, Nigeria, anayeunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa shuka kubwa za ukutani. Nikachukua vizibo vya soda, nikavigonga bapa, nikavitoboa kwa msumari pembe nne, nikaviunga kwa waya wa shaba niliochuna kwenye nyaya za umeme, kilo moja 20,000 kwa jamaa wa skrepa.

Kilipendeza kweli. Halafu mvua chache za mwanzo zikapita na unyevu wa huku kwetu unaujua, kila tundu likaanza kutoa duara la kutu, na kutu ikawa inashuka kwenye silingibodi kwa michirizi.

Nimekaa na fundi wa mota wa mtaani tukaangalia. Kasoro ni mbili, na zote zipo kwenye chaguo la chuma. Kizibo cha soda ni chuma kilichopakwa ganda jembamba la kukilinda, ukikitoboa umelivunja ganda pale pale. Halafu shaba na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma ndo kinaliwa, tena kwa kasi kuliko kingekuwa peke yake. Yule mzee wa Nsukka vifuniko vyake ni alumini, vile vya kuzungusha vya chupa za pombe kali. Alumini haitoi kutu ya chungwa, na ni laini, unaikunja kwa vidole.

Basi nimetoa vyote. Vifuniko vya alumini nimevipata kwenye baa, unaacha ndoo kwa mhudumu anakujazia, ila ukae naye vizuri kwasababu na yeye anajua mzani unanunua alumini. Kuviunga nimetumia uzi wa nailoni kutoka kwenye nyavu zilizochanika, nimepewa na wavuvi pale soko la samaki la Feri, nikawaachia hela ya soda 2,000. Waya wa shaba nimemrudishia yule jamaa kwa 15,000, yaani elfu tano imeenda. Vizibo vya chuma vilivyopona sikuvitupa, vimehamia tabaka la chini kabisa ambako kutu ndo naitaka, bila waya, vimebanwa tu na skrubu moja katikati.

30 Machi: gundi, na kwanini nimerudi kwenye sindano

Mwezi wa Ramadhani kazi ilikwenda taratibu, nyingi nimeifanya usiku baada ya futari, na usiku ndo ukajua gundi zote zinanuka.

Ukweli ambao ningeambiwa mwanzo ningeokoa muda: rambo na vifuniko vya chupa havishiki gundi. Sio kwamba gundi mbaya, ile plastiki yenyewe ina uso unaokataa, gundi inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la gimbi na ikikauka inabanduka ganda zima. Nimejaribu gundi nyeupe, supaglue, na gundi ya fundi viatu ya kopo, 8,000. Ya viatu ilikaa mpaka asubuhi ikaachia. Ila kwenye ndala inashika balaa, kwahiyo kopo halijaharibika, ndala zote nimezibandika kwa hiyo.

Kuna mbinu ya kupitisha moto wa gesi haraka juu ya plastiki ngumu kabla ya gundi, uso unaungua kidogo sana na kukubali kushika. Kwenye vifuniko imefanya kazi, mradi mkono usisite. Kwenye rambo usijaribu, inajikunja yote kabla hujasema ah. Na yeboyebo ndo kabisa, niliigusa moja kwa msumari wa moto ikatoa moshi unaochoma pua na macho, nikatoka nje nikiwa nalia. Ni plastiki ya PVC, ikiungua inatoa gesi ya asidi. Ndo maana nilisema tenga mapema: kilichozama kwenye pipa usikipashe moto, basi.

Drili nayo nimeiweka pembeni. Ukitoboa vifuniko kwa drili unatengeneza unga wa plastiki, upepo ukipita umeusambaza mpaka kwenye mtaro, yaani mtu unatoa taka mtoni kwa gunia na kuzirudisha kwa kijiko. Nimenunua kitoboleo cha fundi viatu, kile cha kugonga na nyundo, 5,000. Kinakata tundu safi na kile kiduara kinabaki kimoja kizima, unakiokota. Viduara vyenyewe nimeviweka kwenye kopo, nitavitumia.

Rambo na viroba nimeamua kushona. Sindano za magunia 1,000, uzi uleule wa nyavu. Rambo nimezikata utepe nikasuka mkeka, mkono wa mama yangu mdogo umesaidia sana hapo, yeye amezoea ukili na aliposhika plastiki akasema hii haina adabu, inateleza. Akabuni kuiloweka kwenye maji ya moto kiasi kwanza, inalainika na haitelezi tena. Viroba vimeshonwa kimoja kimoja kama magamba ya samaki, cha juu kikilalia cha chini, maandishi yao nimeyageuzia ndani, sitaki tangazo la pombe mahali wanapopita watoto. Wanaojiuliza kwanini mzani hauvitaki, ile karatasi ya kiroba ni tabaka za vitu tofauti zimegandishwa pamoja, huwezi kuziachanisha kirahisi ukayeyusha kimoja.

Ndala sikutumia nyingi. Kwenye habari za ndala kuna jahazi la Flipflopi la Lamu, lile la fundi Ali Skanda na wenzake lililoshushwa majini 2018, limefunikwa ndala kama 30,000, sasa ukiweka ndala nyingi kila mtu anafikiria jahazi. Nimezikata vipande vyembamba tu kutenganisha mwaka na mwaka.

20 Aprili: tope

Kati ya tabaka lazima kuwe na udongo, la sivyo inaonekana duka la mifuko. Tope la Msimbazi lenyewe sijaligusa kwa kazi hii. Maji ya viwanda na vyoo yamepita humo miaka mingi na ubao huu utakaa mahali watoto wanagusa kila kitu. Nimetumia udongo mweupe wa Pugu, kule vilimani ambako mto unaanzia ndo kuna ile kaolini, nikachanganya na vumbi la matofali ya nyumba zilizobomolewa kupata wekundu, na mkaa uliosagwa kupata weusi wa chini. Kushikisha, gundi nyeupe ya seremala, galoni 18,000. Kwenye ubao wenyewe hiyo ndo kitu kipya nilichokitumia zaidi na kinaniuma, lakini jaribu la kukikwepa limeniletea hasara.

Jaribu lenyewe: uji wa ngano. Unga 2,000, unapika mzito, unachanganya na udongo na karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa. Zamani watu wamebandika nao makaratasi mengi tu. Ila masika ya Dar sio ya kuchezea, siku chache tu ukungu wa kijani, halafu sisimizi, halafu usiku panya wakatafuna pembe nzima ya mwaka 2018. Nimebandua yote, nimekwangua, nimeanza upya na gundi.

Ya gundi nayo ikapasuka. Niliipaka nene ya vidole viwili kwa pupa, juu ikakauka ndani bado mbichi, ikatoa nyufa ambazo zingine zilipendeza na zingine zilidondosha vipande. Nilivyorekebisha: nyuzi za makumbi ya nazi, zichambue ziwe nyembamba, changanya humo ndani ndo zinashika udongo usiachane, na upake kwa unene wa sarafu, subiri ikauke kabisa, paka tena. Inachosha. Kwenye unyevu wa Aprili safu moja inakawia mno, feni inasaidia kuliko jua kwasababu jua linakausha ngozi tu.

Zile nyufa nzuri nimeziacha upande wa kulia, ukingo wa kweli nao una nyufa.

11 Mei: vanishi, jua, na mahali pa kutundika

Nilitaka kuufunika wote kwa vanishi ili ufutike vumbi. Kopo 16,000. Kwenye udongo imekaa vizuri lakini imeugeuza wote rangi ya chai, tofauti ya tabaka ikapotea, na kwenye rambo imebanduka kwa sababu ileile ya gundi. Nimeisugua nilipoweza. Sipaki kitu tena. Vumbi litapigwa na brashi laini, mwisho wa habari.

Kubwa zaidi ni jua. Mpango ulikuwa kuutundika nje, ukuta wa uwanjani, watu wote waone. Halafu nikachukua rambo niliyoisahau juu ya bati tangu Februari nikaikunja, ikavunjika mkononi ikawa unga. Plastiki iliyokaa kwenye tope haijapata jua ndo maana bado ni nzima, ukiitoa ukaianika ukutani kila siku itapukutika na kurudi kule kule tulikoitoa, tena ikiwa ndogo zaidi ambayo hakuna wa kuiokota. Kuna michoro na masanamu ya plastiki mengi mjini yamesimama juani kwa jina la mazingira, sijui wenyewe wanafikiria nini.

Kwahiyo ubao umeingia ndani, korido ya shule ya msingi ya jirani, yenye paa na ukuta usiopigwa na jua la mchana. Mwalimu mkuu alikubali kwa masharti ya kwamba usidondoke na usinuke. La harufu nilijibu kwa kumletea kipande anuse. La kudondoka: papi mbili zimekatwa mshazari, moja ukutani kwa bolti, moja mgongoni mwa ubao, ubao unakaa juu yake kwa uzito wake wenyewe na ukitaka kuushusha unaunyanyua tu. Bolti 8,000, guta tena 15,000. Ukuta ulikuwa wa tofali za mchanga zilizochoka na bolti moja ikawa inazunguka haishiki, nikaisogeza kwenye nguzo ya zege.

7 Juni: hesabu

Jumla 203,000. Katika hizo zilizopotea bila kurudi ni kama 23,000: vanishi, unga wa ngano na ile tofauti ya waya wa shaba. Jiki siihesabu, nimeilipia somo. Muda wangu sijauweka, na ningeuweka hii kazi isingenunulika.

Kabla ya kutundika niliupitisha kwa bosi wa skrepa nikaupima kwenye mzani wake, kilo 38. Vitu vipya humo, yaani gundi iliyokauka na skrubu, nakadiria kilo 4. Hiyo ndo hesabu ambayo ningependa kila anayesema kazi yake ni ya taka aiandike, kwasababu nimeona kazi nyingine chupa tatu za kuokota zimebandikwa juu ya fremu mpya, plaiwudi mpya na ndoo ya rangi ya mafuta. Bosi nilimuuliza kwa utani angenipa shilingi ngapi kwa ubao mzima. Akauzunguka, akaugonga, akasema "buku mbili, za hizo alumini. Zingine ubebe mwenyewe kaka."

Kwenye zile tepe za ndala nimeandika miaka tu, 2017 na 2019, hakuna maelezo mengine. Darasa la sita wamebishana kiroba ni nini, wengine hawajawahi kukiona wakasema ni gunia, na kweli gunia nalo ni kiroba. Kuna mmoja ameuliza tabaka la juu litaitwa mwaka gani. Nimeliacha wazi hilo, na nimeacha skrubu tupu pale juu.

Kilichobaki: kona ya chini kushoto imeanza kunyanyuka inchi moja hivi, naona silingibodi inavuta unyevu wa ukutani, nitaweka vipande vya ndala nyuma viisogeze mbali na ukuta hewa ipite. Lile kopo la viduara vya kitoboleo bado halijapata kazi. Na gunia zima la yeboyebo lipo, hazitaki moto, hazishiki gundi ninayoijua, mwenye mbinu isiyotumia moto anieleze.